Kumnunulia Mzee Sauti

Mume wangu alipotolewa uvimbe wa kooni, sauti nayo ilienda. Daktari alikuwa ametueleza mapema, tukaitikia kwa vichwa, tukatia sahihi, tukasema asante. Kuitikia ni rahisi. Kazi ni kukaa na mzee asiyesema katika nyumba ya vyumba viwili hapa Mowlem, Nairobi, mzee ambaye maisha yake yote alikuwa akiuza mitumba Gikomba, amesimama juu ya meza ya nguo akiita wateja tangu asubuhi, na akirudi jioni bado ana sauti ya kubishana na redio. Sasa anapumua kwa tundu shingoni, amelifunika kwa kitambaa cheupe ambacho nakifua mimi, na akinihitaji anagonga kikombe kwa kijiko.

Kijiko hicho kilinimaliza. Akigonga sijui ni chai, ni dirisha, ni tivii, au ni mimi tu nimekaa vibaya. Nikileta chai anatikisa kichwa. Nikifungua dirisha anatikisa kichwa. Nikimuuliza, "Basi ni nini?" ananikazia macho kana kwamba jibu limeandikwa usoni pake na mimi nimekataa kulisoma kwa makusudi. Nilifundisha chekechea hadi nikastaafu, uvumilivu ninao, lakini mtoto wa chekechea angalau hulia ukajua pa kuanzia.

Mtaniuliza, kwani simu haipo? Kila mtu aliniuliza hivyo, na kila aliyeniuliza alidhani ni wa kwanza kufikiria. Simu tulijaribu. Vidole vya mume wangu vimekata mikanda ya mabelo ya nguo tangu ujana, ni vinene, na kimoja hakina ncha. Akitaka kuandika "maji" anagusa herufi tatu kwa pamoja, simu nayo inajitia kumsaidia, na kinachotokea siwezi kukisoma mbele ya watoto. Karatasi nayo tulijaribu. Mwandiko wake hata yeye mwenyewe akiurudia baada ya saa moja haumwelei, halafu ananiletea mimi nimsomee alichoandika.

Haya yote ningeyameza. Miezi ile ile, lakini, binti yetu alikuwa ameposwa, na wakwe walikuwa wametuma ujumbe kwamba wangependa kuja kumaliza mambo. Kwetu, wageni wakishakula na mazungumzo ya wazee yakishakwisha, baba wa msichana ndiye husema maneno ya kumtoa binti. Mazungumzo mengine yote unaweza kumwachia msemaji. Hayo huwezi. Hasemi mjomba, hasemi mchungaji, wala mama hasemi. Baba akiwa hai na mwingine akayasema, ni sawa na kutangaza kwamba baba huyo mmeshamzika. Na mume wangu, ambaye alikuwa ameketi pale na kijiko chake, hakuwa amezikwa. Kliniki hawakutuahidi mengi, walisema tu tuendelee kurudi, lakini hai alikuwa hai.

Kaka yake mkubwa alikuja kutuona kuhusu jambo hilo. Anaishi mtaa wa Pipeline, ghorofa ya juu kabisa, na kila akifika kwetu huanza kwa kulalamikia ngazi za kwake kana kwamba sisi ndio tuliozijenga. Akanywa chai, akafuta mdomo, akaniambia, "Shemeji, hili lisikupe presha. Maneno nitayasema mimi. Damu ni moja."

Mume wangu aliweka kikombe chini. Akainuka, akaingia chumbani, akasukuma mlango ufunge. Mlango wetu huo umevimba tangu mvua za mwaka juzi, haushiki, hata mtu mwenye hasira hawezi kuubamiza. Ukafunguka polepole. Akausukuma tena. Ukafunguka tena. Mara ya tatu akauacha, akaketi kitandani akitupa mgongo, na sote wawili tukawa tunautazama ule mgongo. Shemeji akasema labda amechoka. Nikamwambia hajachoka, amekasirika, na hata mimi nimekasirika.

Sasa sikilizeni ajabu ya mtu kuishi na mtu. Jumamosi moja binti yangu alikuja na kompyuta ya ofisini kwao kumalizia kazi, akaiacha wazi mezani akaenda kuoga. Mume wangu akavuta kiti. Akanyoosha mgongo, akaweka vidole vyote juu ya herufi, akaanza kupiga chapa. Bila kutazama. Alikuwa anatazama ukuta. Mimi nilikuwa na kisu na kitunguu mkononi na nilisimama pale hadi machozi yakanitoka, na sikujua ni ya kitunguu au ni ya nini.

Kumbe kabla ya mitumba, kabla yangu, alipofika Nairobi kijana, alisomea upigaji chapa katika chuo kimoja kidogo mjini, mwanamume peke yake katika darasa la wasichana. Akafuzu, akatafuta kazi, kila ofisi ikamwambia inataka msichana. Akaenda Gikomba, akaona haya kulitaja tena. Aliniandikia yote hayo pale pale, kwa herufi kubwa, na ule unene wa vidole haukumsumbua hata kidogo kwa sababu vitufe vya kompyuta ni vipana. Nimezaa naye watoto wawili, nimezika wazazi wake na wangu, na kumbe nilikuwa sijui nimeolewa na karani.

Basi ikaamuliwa kwamba Mzee anunuliwe laptopu itakayosoma kwa sauti anachoandika. Nikafikiri tumemaliza. Ndipo watoto wangu walipoanza.

Binti alitaka zile nyepesi, mpya, ambazo ndani yake hamna kitu. Hivyo ndivyo nilivyoelewa mimi. Kila kitu chake kinakaa kwenye mtandao, wao wanasema kwa wingu. Ukiandika, maneno yanaruka huko na kurudi. Betri yake hukaa kutwa. Hakuna cha kuweka, hakuna cha kuharibika, ukiifungua imewaka. Kijana wangu yeye, ambaye ni fundi katika kiwanda kimoja Baba Dogo na anakaa mtaa wa Lucky Summer, alitaka laptopu ya kawaida, ile nzito, ambayo programu zake zimo tumboni mwake na haimwombi mtu mtandao. Tena alikuwa ameipata, kuukuu lakini nzima, kwa rafiki. Ilikuwa na tatizo moja tu, alisema. Betri imekufa, kwa hiyo lazima ikae imechomekwa ukutani.

Wakazileta zote mbili, ya rafiki na ile nyepesi ya ofisini kwa binti, wakaziweka mezani kwangu mahali pa chakula.

"Mathe, hii ya sista ni maringo tu," kijana akasema. "Ukiitoa kwa net imekufa."

"Na hiyo yako ukiitoa kwa soketi imekufa," dada yake akamjibu.

Nikawaambia basi wametafuta vizuri sana, kwa sababu katika ploti yetu stima hupotea na waifai hupotea, na siku nyingine hupotea pamoja. Waifai yenyewe ni kisanduku kimoja chenye taa ndogo ndogo, kimechomekwa kwenye soketi ya korido ya chini, na nyumba zote zinakitegemea. Mtu wa juu akianza kutazama mpira, sisi wa chini tunasimama. Wao walikuwa wanabishana kuhusu uzito.

Tukajaribu ile nzito kwanza. Ilipowashwa ilivuma hadi jirani akauliza kama tumenunua feni. Mume wangu akaandika sentensi ya Kiswahili, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Mzungu aliyeshuka ndege jana, anasoma asichokijua, anakanyaga maneno yote kichwani. Nilicheka hadi nikaketi. Mzee hakucheka. Kijana wangu alitumia Jumapili nzima, hata kanisani hakuenda, akitafuta sauti nyingine ya kuweka humo ndani. Alichopata mwishowe ni sauti ya msichana. Msichana mchangamfu, nadhani wa kutangaza sabuni. Mume wangu aliisikiliza neno moja, akafunga kifuniko, akaenda kusimama nje.

Kisha ile nyepesi. Mzee akaandika, kukawa kimya kidogo, maneno yakiwa huko winguni yanakoenda, halafu ikatoka sauti ya mwanamume. Nzito, tulivu, ya mtu wa pwani aliyekula akashiba na hana mahali anapokimbilia. Ikasema, "Chai ina sukari nyingi."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya mume wangu tangu apasuliwe. Nilikuwa nimejiandalia mengine. Lakini hapo ndipo nilipojua maana ya kijiko. Majuma yote yale alikuwa anagonga kuhusu sukari, nami nikidhani chai ni baridi nilikuwa naiongeza moto na, kwa huruma, sukari.

Baada ya hapo hakunyamaza. Kila siku binti alipokuja na mashine ile, Mzee alikuwa na mashtaka. Dirisha linapiga kelele. Kijana avae sweta. Mama, majirani wametumia kamba yetu tena. Yote hayo kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari. Mume wangu ni Mluhya, amezungumza Kiluhya chake ndani ya Kiswahili tangu nimjue, na mimi nilikuwa nimezoea. Sasa nilikuwa naulizwa soksi ziko wapi na mgeni mwenye adabu. Ilinichosha, nasema ukweli, ilinichosha na kunifurahisha kwa wakati mmoja, na sikujua niipeleke wapi hiyo furaha kwa sababu mtu mwenyewe alikuwa ananikera.

Mimi nilikuwa upande wa ile nzito, na nilisema wazi. Nilisema sauti mbaya inayotoka ni bora kuliko sauti nzuri ambayo siku ya siku itabaki huko juu. Nilisema stima tunaweza kumwomba jirani mwenye jenereta, lakini wingu tutamwomba nani? Binti akasema nina woga. Kijana akasema, "Si nilisema?" kana kwamba amesema yeye. Shemeji wangu wa Pipeline, aliyekuja kukagua, hakutaka hata moja.

"Sikilizeni," akasema. "Hii mashine ni ya ukoo gani? Wakwe wamekuja, wamevaa, wameketi, halafu wazungumze na chuma? Afadhali mtu."

Mume wangu akaandika. Tukangoja. Sauti ya pwani ikamjibu kaka yake polepole: "Mimi ndiye ninayesema. Hii inabeba tu. Mkokoteni hauulizwi ukoo."

Shemeji alimtazama, akaitazama mashine, akarudi kumtazama. Akasema siku hiyo atakuja na maneno yake mfukoni, kama akiba, maana mtu hajui. Nilitamani kumwambia ayale hayo maneno. Lakini ni shemeji yangu mkubwa, nikamwongezea chai.

Tulienda mjini kununua, sisi wanne. Muuzaji alikuwa mmoja wa wale vijana wanaozungumza na kila mtu isipokuwa mteja. Akaniuliza mimi, "Mzee ataitumia kwa kazi gani?"

Nikamwambia, "Kuongea."

Akasema ziko nzuri sana za mikutano, zina kamera kali. Nikamwambia si mikutano, ni kuongea. Akaniuliza Mzee anataka memori kiasi gani. Nikamwambia Mzee anakumbuka kila kitu, shida yake ni koo. Binti akanivuta mkono. Mwishowe kijana wa watu akaelewa, akaona haya, akaanza kuzungumza kwa sauti ya juu sana, kana kwamba aliyepoteza sauti amepoteza na masikio.

Mume wangu hakumsikiliza. Alikuwa amezipanga mbili juu ya kaunta, moja kuukuu ya kawaida, nzito, iliyotoka ofisi za ng'ambo, na moja mpya nyepesi ya wingu, na alikuwa anazikagua kama anavyokagua makoti. Akazigeuza ndani nje. Akavuta bawaba kuona kama zimelegea mahali zinaposhonwa. Akainua moja kwa mkono huu na nyingine kwa ule. Akazinusa. Muuzaji akanitazama, nikatazama pembeni. Huyu ni mtu aliyekula mitumba, akavaa mitumba, akasomesha watoto kwa mitumba, anayejua kwa kugusa tu kama koti litavumilia. Moyo wangu ukatulia, nikajua ile nzito ataichukua. Tena hii ilikuwa na betri nzima.

Akaisukuma kando. Akafungua ile nyepesi, akaandika, na muuzaji akaongeza sauti duka zima likasikia: "Nimeuza vya mtumba maisha yote. Sauti sitaki ya mtumba."

Niliudhika, jamani. Nilitaka kumwambia kwamba hata hiyo ya winguni ni ya mtu mwingine, na anaivaa pamoja na dunia nzima. Nilitaka kumwambia kuhusu korido yetu, na kisanduku, na mpira wa mtu wa juu. Kijana wangu naye alikuwa ameanza, "Buda, sasa siku hiyo net ikikataa?" lakini baba yake alikuwa ameshaifunga, ameikumbatia kifuani, na alikuwa anaelekea mlangoni kabla hatujalipa. Kwa mara ya kwanza tangu hospitali alikuwa anatembea mbele yetu. Nikanyamaza. Nimejilaumu kwa mengi lakini si kwa kunyamaza siku hiyo.

Siku ilipofika, tuliweka tenti nje ya ploti, barabarani, kwa sababu safari ya vumbi ya kwenda nyumbani magharibi, kliniki walimkataza. Shemeji alikuja na suti, na maneno yake mfukoni, nikayaona yametokeza. Wakwe wakaja. Nilikuwa nimezungumza na mtu wa juu kuhusu mpira, nikamwomba kama ndugu, akakubali. Nilikuwa nimezungumza na mwangalizi wa ploti kuhusu stima. Nilikuwa nimezunguka kila mahali. Kitu kimoja tu sikukifikiria, kwamba kompyuta yenyewe sauti yake ni ndogo, na tenti ni kubwa, na kijana wangu kwa wema wake alikuwa amekodisha mtu wa spika.

Watu wakala. Wazee wakazungumza, wakapandishana, wakashushana, wakacheka, wakamaliza. Binti yangu akaletwa mbele na shangazi zake, wamemfunika leso, simu yake wamemnyang'anya asije akashinda ameitazama. Akaketi mbele ya baba yake. Msemaji wetu akasema sasa baba atamtoa binti yake. Watu wakanyoosha shingo. Hata watoto wa barabarani walisogea.

Mume wangu alikuwa ameyaandika maneno yake siku nyingi, peke yake chumbani, na nikiingia alikuwa anainamisha kifuniko. Akafungua mashine, akayatafuta, yakatokea. Mtu wa spika akasogea na waya wake, akauchomeka kwenye kompyuta, akainua kidole kwamba yuko tayari. Mzee akabonyeza.

Hakikutoka kitu. Spika ilikuwa inakoroma tu. Akabonyeza tena. Kiduara kikaanza kuzunguka pale juu ya maneno, kikazunguka, kikazunguka. Nilijua. Kabla hata kijana wangu hajaanza kukimbia nilijua. Spika ile kubwa ilihitaji soketi, na mtu wa spika alikuwa ameingia koridoni akakuta soketi moja, imekaliwa na kisanduku chenye taa ambacho kwake hakikuwa na kazi yoyote. Akakichomoa. Alichomoa sauti ya mume wangu ili apate pa kuchomeka kipaza sauti.

Siwezi kueleza hasira niliyokuwa nayo. Nilikuwa na hasira na mtu wa spika, na mwanangu, na binti yangu na wingu lake, na mzee huyu mwenye kiburi aliyekataa mashine ya maana dukani mbele ya watu. Upande wa wakwe waliinamisha macho kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyonichoma zaidi. Watu wetu wakaanza kutoa simu mfukoni, huyu anasema chukueni net yangu, yule anasema yangu ina bando, wa tatu anauliza neno la siri linaandikwa wapi. Na shemeji wangu akasimama. Akafunga kifungo cha koti. Akaingiza mkono mfukoni.

Mume wangu akainua mkono.

Hakuugonga popote. Aliuinua tu, kiganja kikiwa wazi, kama alivyokuwa akiwanyamazisha wateja wakianza kuvutana nguo. Wenye simu wakaacha. Shemeji akabaki amesimama. Mume wangu akachomoa ule waya wa spika, akaugeuza uso wa kompyuta upande wa pili, akamwita binti yake kwa kidole.

Binti akasogea kwa magoti, leso ikamwanguka mabegani. Akashika mashine kwa mikono miwili, akasoma. Midomo yake haikusogea. Sote tulikuwa tunamtazama usoni, kwa sababu hapakuwa na kingine cha kutazama. Alifika mahali akacheka, cheko fupi la ghafla, la kwake la utotoni. Akaendelea. Akafika mahali pengine akaacha kusoma, akafumba macho, akayafumbua, akarudi nyuma kusoma upya. Alipomaliza alimwekea baba yake kichwa magotini, na Mzee akaweka mkono wake ule wa kidole kisicho na ncha juu ya nywele zilizosukwa kwa saa nyingi, akaziharibu. Kisha akafunga mashine.

Mmoja wa shangazi ndiye aliyepiga vigelegele kwanza. Wengine wakafuata, hata wakwe. Shemeji wangu aliketi. Nilimwona akisukuma yale maneno ndani kabisa ya mfuko, akafuta macho kwa ncha ya tai, halafu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba sawa, lakini sisi wengine hatukusikia kitu. Kijana wangu akarudi mbio kutoka koridoni akihema, anapiga kelele kwamba imerudi, waifai imerudi. Nikamwambia aketi.

Asubuhi yake nilikuwa na sufuria za watu wengi za kusugua, na mgongo ulinishika, na bado jambo lile lilikuwa linanitekenya. Nilikuwa nimemuuliza binti kabla hajaondoka. Nilimuuliza vizuri, kwa upole wa mama. Akanikumbatia akasema, "Mama, hayo ni yangu." Basi nikaacha sufuria, nikafuta mikono, nikaifungua mashine mwenyewe mezani. Watoto walishanifundisha kwamba hii ya wingu haipotezi kitu, ukiandika imeshaweka. Nikatafuta. Ukurasa ulikuwepo. Ulikuwa mweupe. Alikuwa ameyafuta, neno baada ya neno, hadi juu.

Nikageuka, naye alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake ananitazama. Na sasa nilimwambia. Nilimwambia kwamba mimi ndiye ninayefua hivyo vitambaa. Mimi ndiye niliyejifunza kulala nikisikiliza kama anapumua. Mimi nimeitwa kwa kijiko kama mbuzi, nimezunguka ploti nzima nikiwaomba watu wasitazame mpira, nimebishiwa, nimepuuzwa, tena dukani mbele ya mtoto wa watu, yote hayo ili asikike, na siku aliyosema, amemwambia mtu mmoja, na mtu huyo si mimi. Nilimwambia nina wivu na mtoto wangu mwenyewe na aibu ya wivu huo pia nimeachiwa mimi.

Alinisikiliza mpaka nikaisha. Akaja akaketi, akavuta mashine, akaandika maneno machache. Waifai ilikuwepo. Yule mtu wa pwani akasema kwa upole wake wote, "Hayo hayakuwa yako."

Nikasema najua hayakuwa yangu, sikuuliza ya nani. Nikachukua kitambaa cha vyombo nikaelekea kwenye sufuria zangu. Nyuma yangu nikasikia vidole vyake vikianza tena, vyote kumi, taratibu, halafu kimya, halafu sauti.

"Yako bado naandika."

Nilisimama pale nikimpa mgongo kwa sababu sikutaka aone uso wangu. Nikamwambia basi afanye haraka, maana stima ya hapa haina adabu.